Wikendi ya Mlima Elgon kwa Watu wa Ziwani

Mimi na mume wangu tunaishi Kisumu, mji ulio mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako shuka moja hutosha karibu mwaka mzima. Tulipoamua kulala hemani katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon na kupanda kuelekea Koitobos, kilele chenye mita 4,222, hofu yetu kubwa haikuwa gharama wala ndovu. Tulichojiuliza ni jinsi miili iliyozoea joto la ziwa ingefika huko juu mwishoni mwa juma bila kuugua, na karibu kila tulilolipanga lilitokana na swali hilo.

Wapo wanaoondoka Kisumu alfajiri na kuingia mbugani mchana uleule. Sisi tulisafiri Ijumaa jioni kupitia Kakamega na Webuye, tukalala Kitale, mji unaokaribia mita 1,900, kwa kuwa usiku mmoja pale humzoesha mtu baridi na hewa ya juu akiwa bado kitandani. Asubuhi tulikodi gari la kupanda milima pamoja na dereva wake, maana njia ya ndani ya mbuga ni mbaya, na mvua ikinyesha gari dogo halina lake. Kiingilio tulikuwa tumekilipa mapema kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, kwani fedha taslimu hazipokelewi kwenye lango la Chorlim.

Chakula kilinifikirisha zaidi ya vyote. Kadiri mtu anavyopanda, maji huchemka kwenye joto la chini zaidi. Katika kimo cha mita 2,300 huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo maharagwe makavu yangeumaliza mtungi wetu mdogo wa gesi kabla hayajaiva. Nilichemsha githeri, yaani mahindi na maharagwe, nyumbani, nikaigandisha mikebeni, na kambini ikabaki kazi ya kukaanga kitunguu na nyanya tu. Mume wangu, ambaye kwa kawaida haamini chakula kisicho na ugali, alikula sahani mbili bila kuulizia.

Jumamosi alasiri tulitembelea pango la Kitum tukiwa na askari wa wanyamapori. Ndovu wa Elgon huingia humo usiku kutafuta chumvi, wakiubomoa mwamba kwa pembe zao na kuusaga vipande vyake kwa meno. Askari alimulika tochi ukutani, nikapitisha macho juu ya mikwaruzo iliyopangana kwa mshazari, mingine myembamba kama ya patasi, mingine mipana kiasi cha kupitisha ngumi. Hatukuingia ndani zaidi. Mnamo 1980 na tena 1987, watu waliokuwa wamezuru pango hilo waliugua homa ya Marburg na kufariki, na popo wa matunda wanajulikana kubeba virusi vyake. Mwenye kutaka kwenda mbele anapaswa kuvaa barakoa na glavu, na asiguse kinyesi cha popo. Sisi tulitosheka na sehemu inayofikiwa na mwanga wa mchana.

Usiku, baridi haikutoka angani peke yake; ilitoka ardhini. Ndiyo maana tulitandika mikeka miwili ya sponji chini ya mifuko ya kulalia, tukavaa soksi ambazo hatukuwa tumetembea nazo, na kila mmoja akalala na chupa ya maji moto miguuni. Ningemshauri mtu apunguze nguo za kubadilisha kuliko kuacha sponji nyumbani. Vyakula vyote tulivifungia garini, kwa sababu nyani wa huko hawahitaji mwaliko.

Jumapili tuliondoka kambini kukiwa bado giza. Gari lilipita katikati ya miti mikubwa ya podo, kisha mianzi, hadi mwisho wa njia, karibu mita 3,500, ambako hali ya hewa kwa kawaida huwa baridi kuliko Kisumu kwa nyuzi 15 hivi. Kutoka hapo ni miguu, katikati ya nyasi ngumu na mimea ya lobelia inayompita mtu kwa urefu. Tulikuwa tumekubaliana mambo mawili: anayechoka haraka ndiye anayetangulia, na ikifika saa sita mchana tunageuka popote tulipo, kwa kuwa mawingu hupanda mchana na njia hupotea machoni. Mtangulizi nilikuwa mimi. Nilipojaribu kuongeza mwendo, askari aliniambia, “Mama, hapa hatushindani na mtu,” akaketi juu ya jiwe mpaka pumzi yangu ikatulia.

Saa sita ilitukuta chini ya jabali la Koitobos, ambalo juu yake ni bapa kana kwamba limekatwa kwa msumeno. Mume wangu alikuwa ameanza kuumwa kichwa na hakutaka hata ndizi. Dalili hizo katika kimo hicho hazitibiwi kwa ushujaa, dawa yake ni kushuka, basi tukashuka. Tulipofika kwenye podo kichwa kilikuwa kimepoa, naye akaanza kuulizia githeri iliyobaki.

Jumatatu, kwa miguu iliyokataa mlima mwingine, tulikwenda Saiwa, mbuga ya kitaifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya, yenye kilomita za mraba 2.9 hivi, ambayo hutembelewa kwa miguu pekee. Huko hakuna kupanda isipokuwa ngazi za minara ya mbao, na asubuhi na mapema mtu huweza kumwona nzohe, swala wa kinamasi, akila katikati ya matete. Kiingilio chake hulipwa kivyake, hivyo anayetaka kuunganisha mbuga hizi mbili azipangie bajeti mbili.