Magunia ya Vingunguti

Desemba 2014 ndugu zangu wote walipanda mabasi kwenda Moshi, mimi nikabaki Dar es Salaam. Kampuni yetu ya ukaguzi wa hesabu haikutoa likizo mwezi huo. Mteja anayefunga mwaka tarehe 31 Desemba, mali yake huhesabiwa siku hiyohiyo, na kazi hiyo ilikuwa ya sisi vijana tulioajiriwa mwaka huo.

Nikapangiwa ghala la sukari, Vingunguti. Joto la mabati na lile vumbi tamu linalonata shingoni nayakumbuka mpaka leo. Mtunza stoo alinionyesha rundo kubwa: magunia 20 kwa urefu, 10 kwa upana, 12 kwenda juu. Nikapiga hesabu, 2,400, sawasawa na kadi yake. Nikashika kalamu nitie saini.

Dada aliyekuwa kiongozi wetu akanizuia. "Mdogo wangu, hapo umehesabu ukuta. Panda juu."

Nikavua viatu, nikapanda. Nilipofika katikati, chini ya miguu pakabonyea. Wachukuzi wakaondoa safu mbili za juu, zikaonekana mbao, na chini ya mbao shimo: magunia 6 kwa 4, safu 10 kwenda chini. Magunia 240 hayapo. Mtunza stoo alikaa sakafuni, hakusema neno.

Miaka mitatu chuoni hakuna aliyenifundisha kupanda rundo. Pale nilifundishwa kwa maneno mawili. Kampuni ile ilinilipia pia ada ya mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na kwa mshahara wake, mdogo wangu alimaliza shule. Naishukuru kwa moyo wote.

Lakini saa tano usiku baba alipiga simu. Mbuzi wa mwaka mpya alikuwa tayari, na babu alikuwa ameshauliza mara tatu nafika lini. "Mwambie kesho kutwa," nikasema, huku najua tarehe 2 nina ghala jingine Tanga. Mwaka uliofuata nikasema vilevile. Wa tatu, babu alipopewa simu aliniita kwa jina la baba mdogo, na sikuwa na uso wa kumsahihisha.

Usiku ule dada aliona nimenyamaza. Akatoa chapati kwenye mkoba, akanimegea nusu, ya baridi. Akaniambia mwanawe wa miezi minane amelala kwa jirani, na yeye mwenyewe maziwa yanamuuma kifuani. Akala haraka, akajifuta mikono.

"Twende. Bado rundo la pili."