Maji Hayaanzii Mlangoni

Ukikaa bondeni Kigogo au Mchikichini, hapa Dar es Salaam, wingu lililo juu ya paa lako halikuambii mengi kuhusu mafuriko. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapokea vijito njia nzima, na ukifika Jangwani bonde ni pana na mteremko umekwisha. Maji yote hayo yanasubiri zamu ya kupita kwenye daraja la Selander. Ndiyo maana jua linaweza kuwaka Magomeni na mto ukapanda. Kama una ndugu Pugu au Gongo la Mboto, mwombe akupigie mvua ikikesha huko.

Bahari nayo ina lake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa hapa Dar mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na mto unakosa pa kutokea. Na usiishie kuogopa masika tu: mafuriko yaliyoua watu wapatao 40 na kufanya wengine wahamishiwe Mabwepande, pembezoni mwa jiji, yalikuwa ya Desemba, mwaka 2011.

Ndani ya nyumba, watu wengi hukimbilia mlango. Maji huanzia chooni. Chemba na shimo vikijaa, uchafu unarudi na bomba hadi kwenye sinki la choo, sebule ingali kavu. Jaza mchanga kwenye kiroba kidogo, kifunge, kishindilie kwenye tundu la choo na kingine kwenye tundu la bafuni. (Huko juu kuna wanaosubiri mvua watapishe vyoo vyao, kwa hiyo unajua ni maji gani hayo.)

Viroba vya mlangoni visijae pomoni. Kiroba kilichojaa sana hakilali, kinaacha mianya. Jaza nusu, usizidi theluthi mbili, kunja mdomo ulale chini ya kiroba, panga kama matofali ili kila kimoja kikanyage maungio ya viwili vya chini, kisha kanyaga safu nzima. Turubai likae upande wa maji, ncha yake ikiwa chini ya safu ya kwanza.

Lakini kuna mahali pa kuacha kushindana. Maji ya sentimita 50 nje ya nyumba kavu yanasukuma kila mita ya ukuta kwa uzito wa kilo 125 hivi. Yakifika mita moja, ni kilo 500: kina mara mbili, msukumo mara nne. Ukuta wa tofali za inchi tano usio na nguzo haukujengwa kwa kazi hiyo, na ukianguka huanguka ndani, mlipo. Yakipita magoti, yaache yaingie, muwe mmeshatoka. Meni swichi inazimwa mapema, miguu ikiwa mikavu. Njiani tangulieni na fimbo, maana chemba zisizo na mifuniko hazionekani chini ya tope.

Maji yakishuka, kazi kubwa ni kisima. Chota maji na tope lote, sugua kuta, ngoja kijae tena. Mashine ya petroli ya kuvutia maji ibaki juu, isishushwe kisimani, moshi wake unaua. Sasa pima: kisima cha mviringo cha upana wa mita moja chenye maji ya kina cha mita mbili kina lita 1,570 hivi. Kila lita 1,000 zinataka lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5, ile isiyo na manukato, kwa hiyo hapo ni lita 2.3 au 2.4. Koroga kwa kushusha na kupandisha ndoo, acha usiku kucha bila mtu kuchota, asubuhi toa yote mpaka harufu iishe. Ya kunywa bado yachemshwe. Na kama shimo la choo liko hatua kumi kutoka hapo, hata klorini haitasaidia sana, choo kitaendelea kuvujia kisimani.