Anayelipia Utafiti Asiwe Mkaguzi Wake

Mwaka 2011 vikundi viwili vya watafiti, kimoja cha Ron Fouchier mjini Rotterdam na kingine cha Yoshihiro Kawaoka katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, viliviwezesha virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1 kufanya jambo ambalo vilikuwa havijaweza kulifanya vyenyewe: kuenea kwa njia ya hewa kati ya wanyama wanaonyonyesha. Fouchier alianza na virusi vya H5N1 vyenyewe, ilhali Kawaoka alipandikiza protini ya H5, ya mafua hayo ya ndege, kwenye virusi vya mafua vilivyozuka mwaka 2009. Wote walitumia fereti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, ambao njia yao ya hewa hupokea mafua karibu sawa na yetu.

Desemba mwaka huo, bodi inayoishauri serikali ya Marekani kuhusu usalama wa kibayolojia ilipendekeza baadhi ya maelezo yasichapishwe. Machi 2012, baada ya kusoma maandishi yaliyorekebishwa, ilibadili msimamo, na makala zote mbili zikatoka mwaka huohuo. Wengi walibishania uchapishaji. Mimi husumbuliwa zaidi na wakati ambapo swali la hatari liliulizwa, kwa kuwa bodi ilipoanza kujadili hatari, virusi vilikuwa vimekwisha kutengenezwa na kuhifadhiwa.

Hoja ya watafiti si nyepesi. Ukijua mabadiliko ya jeni yanayovipa virusi uwezo wa kuenea hewani, unaweza kuyatafuta katika sampuli za ndege kabla maradhi hayajawafikia watu. Hata hivyo, badiliko lilelile huweza kuleta matokeo tofauti katika aina nyingine ya virusi, na kwa hiyo nadhani faida hiyo imekuwa ikitajwa kwa uhakika uliozidi ushahidi.

Upande wa hatari, visa vya mwaka 2014 vilinifunza mengi. Juni, wafanyakazi kadhaa wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, mjini Atlanta, walihofiwa kugusana na bakteria wa kimeta ambao hawakuwa wameuawa ipasavyo; Julai, chupa ndogo zenye virusi vya ndui, zilizosahauliwa kwa miongo kadhaa, zilikutwa katika chumba cha baridi kwenye eneo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Bethesda. Hakuna hata kimoja kati ya visa hivyo kilichohusu virusi vilivyoongezewa uwezo, lakini vyote vilitokea ndani ya taasisi zenye fedha, kanuni na wataalamu wa kutosha. Oktoba, serikali ya Marekani ilisimamisha ufadhili wa majaribio ya kuongezea uwezo virusi vya mafua na vya SARS na MERS, maradhi makali ya njia ya hewa.

Zuio hilo liliondolewa Desemba 2017 na kuwekewa utaratibu mpya wa mapitio, ambao udhaifu wake ulikuwa dhahiri: taasisi inayotoa fedha ndiyo iliyoamua ni mradi upi upelekwe kwa kamati ya mapitio, na miradi iliyofika huko ilikuwa michache mno. Aidha, ulihusu fedha za Wizara ya Afya tu, kwa hiyo maabara iliyolipiwa na mtu binafsi haikuguswa.

Siungi mkono kupiga marufuku kila kinachoitwa kuongeza uwezo, kwa sababu jina hilo ni pana kiasi cha kumeza hata kazi ya kuandaa virusi vinavyokua vizuri kwa ajili ya chanjo. Ninachokitaka ni chombo huru, kinachopima jaribio kabla halijaanza, bila kujali aliyelilipia. Marekani ilikwisha kufanya hivyo kwa nyuklia: tume moja ilikuwa ikiendeleza nishati hiyo na kuisimamia kwa pamoja, hadi sheria ya mwaka 1974 ilipozitenganisha kazi hizo mbili na kuunda chombo cha usimamizi peke yake.