Siku moja maishani mwangu: najifunza kuchora na AutoCAD, komandi moja moja

Nipo ofisi ya kuchora ramani za nyumba kama mwanagenzi, tunachora kwa AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea, yaani bado sijakabidhiwa mradi wangu, nakaa jirani na dada mmoja mchoraji wa siku nyingi na yeye ndo ananipangia zoezi la siku. La leo ni chumba kimoja tu, mita 4 kwa mita 3 kwa ndani, ukuta wa milimita 200, mlango mmoja na dirisha moja, kutoka skrini tupu mpaka karatasi. Naandika kwa ajili ya wanaoanza kama mimi maana naona wengi wanakariri picha za vitufe kule juu na hawaangalii kabisa ule mstari wa chini wa kuandikia komandi, na kwangu mimi kila kitu kimefunguka tangu nilipoanza kuusoma.

Saa 2:00 asubuhi

Kabla ya mstari wowote naandika UN napiga enta, kinafunguka kidirisha cha vizio. Usiparuke hapa jamani. Programu yenyewe haijui mita wala futi, inajua namba tu, ukiandika 4000 inachora 4000 na ni nyie mnaochora ndo mnajua hiyo ni 4000 ya nini. Sisi tunatumia milimita kwahiyo mita 4 ni 4000. Kwenye hicho kidirisha kuna sehemu ya kuchagua milimita, naichagua, inasaidia siku ukiingiza mchoro wa mtu mwingine aliyechora kwa mita, unakuja na ukubwa wake sahihi badala ya kuwa kitu kidogo hata hukioni.

Alafu kuna hili, tunachora saizi halisi. Aliyezoea karatasi na rula anagawa kwa 50 au kwa 100 kichwani kabla hajaweka penseli, huku hugawi chochote, ukuta wa mita 4 unachorwa 4000 kamili na mambo ya skeli yanasubiri mpaka jioni wakati wa kuprinti.

Saa 2:30

Dada anabonyeza Ctrl na 0 kwenye mashine yangu, vitufe vyote vya juu vinapotea, inabaki sehemu ya kuchorea na mstari wa komandi peke yake. "Mdogo wangu, leo huna picha, soma chini." Sawa dada.

Naandika L. Mstari wa chini unauliza pointi ya kwanza iko wapi, naklik popote. Unauliza pointi inayofuata, na hapa kuna njia kadhaa za kujibu. Unaweza kuandika @4000,0 maana yake toka hapo nilipo niende kulia 4000 na juu sifuri. Unaweza kuandika @3000<90 yaani urefu 3000 kwa pembe ya digrii 90. Au unawasha otho kwa F8, ile inayolazimisha mstari uende mlalo au wima tu, unaelekeza mausi upande unaoutaka, unaandika 4000 enta, na hii ndo naipenda kwa kuta zilizonyooka kwa sababu mkono unaonyesha mwelekeo na kibodi inatoa kipimo. Ukishachora pande tatu unaandika C enta, umbo linajifunga lenyewe mpaka pale ulipoanzia. Na ukitaka kufuta kipande cha mwisho bila kutoka kwenye komandi unaandika U, kinafutika hicho kimoja tu na kazi inaendelea.

Kuhusu hiyo alama ya @ nataka nieleze vizuri kwa sababu inawachanganya watu sana, mmoja anasoma somo linasema lazima uweke @, mwingine anachora bila @ na inakubali, wanabishana na wote wako sahihi. Tofauti ni F12. Ikiwa imewashwa, vile viboksi vidogo vinavyofuatana na mausi vinachukulia kwamba pointi ya pili na kuendelea unapima kutoka pale ulipo, hata usipoweka @, na ukitaka kupima kutoka kwenye sifuri ya mchoro unatanguliza alama ya #. Ikiwa imezimwa basi 4000,0 maana yake ni ile sehemu ya 4000 kutoka sifuri, popote pale ulipo wewe, na @ unaihitaji. Mi nimezoea kuiweka kila mara, inakubali pande zote mbili.

Pembe nazo, sifuri iko kulia, zinahesabiwa kinyume na mwendo wa saa, kwahiyo 90 ni juu, 180 kushoto, 270 chini. Likae kichwani, litarudi kwenye mlango.

Saa 3:30

Ukuta. Naandika O, ya ofseti, yaani kunakili mstari pembeni yake kwa umbali unaoutaka, mstari unauliza umbali, 200, unauliza kitu gani, naklik mstari, unauliza upande gani, naklik nje. Nafanya hivyo kwa pande zote nne. Sasa mistari ya nje haigusani kwenye kona, kuna pengo, na hapo ndo inaingia F ya fileti ikiwa na rediasi sifuri, unaklik mstari mmoja, unaklik wa pili, kona inafunga kabisa. Watu wanajua fileti ni ya kulainisha kona iwe ya mviringo, lakini fileti ya sifuri naitumia mara nyingi kuliko ya mviringo, na ukishikilia Shift wakati unaklik mstari wa pili inakuwa sifuri hata kama rediasi iliyosetiwa ni nyingine.

Dada akaniambia futa chora tena kwa mstatili. REC, klik, @4000,3000, kwisha. Alafu O 200 klik moja kwa nje na kuta zote nne zinatoka kwa pamoja kona zikiwa zimeshafunga, kwa sababu mstatili ni kitu kimoja siyo mistari minne. Ni zoezi zuri sana kuchora kitu kilekile kwa njia mbili, ndo unaona kwa nini kuna komandi zinazoonekana kama zinafanya kazi moja.

Na kwa kuwa ni kitu kimoja naandika AA, alafu O ya kuchagua kitu, naklik mstatili wa ndani. Inajibu eneo 12000000 na mzingo 14000. Gawa kwa milioni unapata mita za mraba 12, ambazo ni 4 mara 3. Hapo nina uhakika kabla sijaenda mbele, na ninapenda sana hiki kitu, mchoro wenyewe unaweza kuuuliza ukakujibu.

Saa 4:30

Mlango ndo ulichukua muda mrefu. Nachora mstari mfupi kutoka kona ya ndani chini kushoto ukashuka mpaka ukuta wa nje, hapa F3 lazima iwe imewashwa ili mausi ishike kona yenyewe maana kukisia kwa macho haikubaliki, kwa macho inaonekana imegusa ukivuta karibu kuna mwanya. Alafu M nausogeza kulia 100, O ya 900, nimepata pande mbili za mlango. TR naklik vile vipande vya ukuta vilivyo katikati vinakatika, uwazi umepatikana.

Kuhusu TR, ukisoma masomo ya zamani wanakwambia chagua kwanza mistari ya kukatia, piga enta, ndo uklik cha kukata. Kuanzia AutoCAD 2021 kukata kwa haraka ndo chaguo la kawaida, unaklik moja kwa moja kile usichokitaka na mistari yote iliyopo inakuwa mipaka. Ukishikilia Shift badala ya kukata inarefusha. Unajuaje uko kwenye njia ipi? Mstari wa chini unasema.

Ubao wa mlango ni mstari wa 900 kwenda juu kutoka kwenye bawaba, ambayo iko upande wa kushoto wa uwazi. Tao la kufungukia, naandika A alafu C ya kitovu, naklik bawaba, halafu mwanzo wa tao naklik ule upande wa pili wa uwazi, mwisho naklik ncha ya ubao. Kwa nini kwa mpangilio huo? Kwa sababu tao linazunguka kinyume na mwendo wa saa kama pembe zenyewe, ukianzia kwenye ubao ukamalizia ukutani unapata lile kubwa linalozunguka robo tatu ya duara.

Dirisha lilikuwa rahisi, mstari katikati ya ukuta wa juu, ofseti 750 kila upande, E kufuta wa katikati, 1500 imepatikana.

Saa 6:00

Leya, yaani matabaka ya kutenganisha vitu vya mchoro. LA enta, natengeneza ya kuta, ya milango, ya madirisha, ya vipimo, kila moja na rangi yake na unene wake, kuta 0.5, vipimo 0.18. Ukuta uliokatwa lazima uonekane mzito kwenye karatasi na vipimo viwe vyepesi, ndo fundi akishika ramani jicho linaenda kwenye ukuta kwanza. Sina mengi hapa ila moja, leya inayoitwa Defpoints inajitengeneza yenyewe ukiweka vipimo na haiprinti, usichore kitu humo.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko, na mazungumzo yakaangukia kwa nini hizi komandi ni za kuandika wakati programu nyingine zote ni za kuklik. Dada anasema programu imetoka 1982, wakati kompyuta ndogo za watu zilikuwa za kuandika amri. Kuchora moja kwa moja kwenye skrini kulikuwepo kabla ya hapo, Ivan Sutherland alifanya hivyo MIT mwaka 1963 na Sketchpad yake akitumia kalamu ya mwanga. Ila ule mtindo wa kuandika umebaki kwa sababu ni wa haraka, mkono wa kushoto unaandika herufi moja mbili, wa kulia uko kwenye mausi, na macho hayatoki kwenye mchoro. Na ukihamia BricsCAD, programu nyingine ya kuchora, komandi nyingi ni hizihizi, kwahiyo ulichojifunza hakipotei.

Akanionyesha pia kwamba vifupisho vyote vimeandikwa kwenye faili moja ya maandishi inaitwa acad.pgp, unaweza kubadilisha ukaweka vya kwako. Mi naviacha vilivyo, nataka nikikaa kwenye mashine ya mtu yeyote niweze kufanya kazi.

Saa 8:00

Zoezi likabadilika, mteja wa kufikirika anataka chumba kiongezeke milimita 600 kulia. Hapa ndo nikaelewa tofauti ya kuchagua kutoka kushoto na kutoka kulia. Ukivuta kutoka kushoto kwenda kulia boksi ni la bluu, linachukua vitu vilivyo ndani yake vizima tu. Ukivuta kutoka kulia kwenda kushoto ni la kijani, linachukua hata kilichoguswa kidogo. Komandi ya S, ya kuvuta umbo, inahitaji hilo la kijani. Nikazungushia ukuta wote wa kulia, enta, klik pointi moja, otho imewashwa, naelekeza kulia, 600 enta. Ukuta ukasogea, ile mistari ya juu na chini ikarefuka yenyewe, mlango haukuguswa kwa sababu haukuwa ndani ya boksi. Dirisha nalo lilibaki pale pale, kwahiyo likawa si la katikati tena, nikalisogeza kwa M 300 kwenda kulia. Nikapima eneo tena kwa kuklik kona nne, 13800000. 4.6 mara 3, sawasawa.

Nimeirudia S mpaka mkono ukazoea. Kwenye kazi halisi kuchora mara ya kwanza ni sehemu ndogo tu, mabadiliko ndo yanakuja kila siku, na anayejua kuvuta habomoi mchoro wote kuanza upya.

Saa 10:00

Vipimo kwa DLI, kona hadi kona, kisha karatasi. Nafungua leyauti, yaani ukurasa wa kupangia karatasi ya kuprinti, A3 ni 420 kwa 297, MV inafungua dirisha la kuangalia mchoro, naliweka skeli 1 kwa 50 nalifunga lisibadilike nikizungusha mausi. Chumba na kuta zake sasa ni 5000 kwa nje, gawa kwa 50 ni milimita 100 kwenye karatasi, nikaprinti nikaweka rula juu yake. 100.

Maandishi ndo yanahitaji hesabu kidogo, ukitaka herufi ya milimita 2.5 kwenye karatasi na umeiandika kule kwenye mchoro wa saizi halisi, zidisha kwa 50, iandike 125. Ukiiandika moja kwa moja kwenye leyauti basi ni 2.5 tu.

Saa 11:00 jioni

PU kusafisha leya na vitu visivyotumika, Ctrl S, kufunga. Pembeni ya faili ya DWG, yaani faili ya mchoro wenyewe, kuna nyingine ya BAK, hiyo ni nakala ya kabla ya kusevu mara ya mwisho, siku DWG ikigoma kufunguka unaibadilisha jina mwisho wake uwe DWG unaifungua.

Kesho dada kasema tunageuza ule mlango kuwa bloku ili uchorwe mara moja utumike nyumba nzima, ameniambia nianze kwa kuuhamishia kwenye leya 0 kabla ya kuandika B, kwa sababu kilichotengenezwa kwenye leya 0 kinachukua rangi na unene wa leya yoyote bloku itakapowekwa, mradi rangi yake imeachwa ifuate leya. Nimeshaanza kuuandaa.