Masaa matatu Idjwi bila boti kukuacha

Mukipanda boti toka Bukavu kuja Goma, na boti ile inapita Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, kupakia kwa masaa matatu hivi, musibaki ndani mnachezea simu. Shukeni. Ila msifanye kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Kaka mmoja tunayefanya naye kazi alinishauri: chukua moto (pikipiki), zunguka kisiwa chote. Ushauri ule mpaka leo unanikasirisha. Idjwi ni teritwari nzima, ina sheferi mbili (maeneo ya wami), Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Nani anazunguka teritwari kwa masaa matatu? Mimi nilimwamini. Motari akanipandisha milimani, mvua ikatukuta, na udongo mwekundu wa kule ukilowa ni kama sabuni. Tukasukuma moto kwa miguu, kilima baada ya kilima. Tulipofika juu ya gati nikasikia honi, nikatazama chini: boti imeshageuza pua, inakwenda. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ilikuwa ya mwisho siku hiyo.

Nililala kwa shangazi wa motari. Walinipokea kama mtoto wao, wakanipa bugali na sambaza, wale samaki wadogo, na mzee wa nyumba akanieleza kwamba sambaza si wa ziwa hili, waliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mimi mtu wa Goma, nimekula sambaza tangu utoto, sikulijua.

Asubuhi, pale gati, mama mmoja mwenye magunia ya mananasi akanisikiliza, kisha akaniambia: «Papa, boti haingoje mutu. Inangoja muzigo.»

Neno hilo nililishika. Safari ya pili, kabla ya kutembea popote, nilinunua mananasi kumi na mawili (bei ni ndogo kabisa ukilinganisha na Goma), nikayaacha ndani ya gunia la mama mmoja muuzaji mwenye mizigo mingi kuliko wote. Nikamwomba kijana wake aje kuniita wakianza kubeba. Magunia ya mama yule yakiwa bado chini, boti haiwezi kung'oka. Nilitembea nimetulia kabisa, hata saa sikuitazama.

Nilifuata njia ya pwani tu, kwa miguu, chini ya migomba na kahawa. Kwetu Goma ukikanyaga ufuko ni mawe meusi ya volkano. Pale ni udongo na majani mpaka majini. Nikaoga ziwani. Kivu haina mamba, lakini kina kinakuwa kirefu ghafla, kwa hiyo ogeni pale mnapoona watoto wa kisiwa wanaoga, na mwombe ruhusa. Nikakata nanasi nikiwa bado nimelowa. Utamu wa nanasi la Idjwi lililoivia shambani, la sokoni kwetu haliufikii.

Kijana alipokuja mbio kuniita, nilishavaa.

Vaeni jile ya kuokolea majini hata kama wenyewe wa boti hawaivai. Na bebeni faranga ndogondogo, dola kule inasumbua kurudishiwa chenji.

Tulikaribia Goma jua likizama, wavuvi wakitoka na mitumbwi yao mitatu-mitatu iliyofungwa pamoja, wakiimba, taa bado hazijawashwa. Mananasi yalifika nyumbani tisa. Matatu tuliyakata njiani na wamama, juu ya magunia.