Daftari la michango

Leo nimempeleka bibi kupima presha, zahanati ya kijijini kwetu, huku ndani Bagamoyo.

Muuguzi alikuwa anapanga kabati, akatuonyesha daftari la ujenzi. Enzi hizo wanakijiji walipandisha boma, serikali ikaezeka.

Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki 1897, alitoa fedha ikajengwa hospitali Dar, ndiyo mzizi wa Muhimbili. Huyo anajulikana. Hawa wetu je? Wamo daftarini:

"Nazi 50."
"Mawe, tripu 2."
"Hana kitu. Atachota maji ya zege."

Bibi akacheka mpaka muuguzi akasema tusubiri, presha itapanda!

"Huyo mimi, mjukuu wangu. Ndoo kichwani, mama yako tumboni."

Kwenu nani alichangia nini? Waulizeni wazee, mniandikie hapa.