Futi 50 ninazoongeza juu ya minima nikitua Luano

Mawingu yakishuka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kadi ya kutua (ramani ya hatua za kuukaribia uwanja) naisoma kabla sijaanza kushuka, na MDA, yaani minima, kimo cha chini kabisa ninachoruhusiwa kushukia kabla ya kuona njia ya kurukia, naiongezea futi 50. Ndege haigeuki ghafla kutoka kushuka hadi kupanda. Inazama kidogo kwanza, na chini ya MDA hairuhusiwi kuzama hata futi 1 kabla hujaona njia ya kurukia.

Wako wanaoporomoka hadi MDA, kisha wanaambaa humo wakichungulia. Mimi hapana. Wakija kuiona njia wameshaikaribia mno, wanapiga mbizi. Mimi nateremka mstari mmoja wa digrii 3, yaani futi 318 kila maili ya bahari. Luano iko karibu futi 4,300 juu ya bahari, basi tuseme MDA ni 4,800 (ya mfano tu, kadi yenu ndiyo inayosema): nikilenga kupita futi 50 juu ya kizingiti (mwanzo wa njia ya kurukia), maili 5 kabla yake niwe 5,940, maili 4 niwe 5,620, maili 3 niwe 5,300. Kwenye 4,850, kama maili 1.6 hivi, naamua. Angalia umbali unahesabiwa kutoka wapi: VOR (kituo cha redio cha kuongozea ndege) haikai kizingitini.

Joto na mwinuko navyo vinadanganya. Ikiwa nyuzi 28, kasi ya nodi 110 kwenye kipimo ni karibu 123 halisi, hivyo bila upepo nashuka futi 650 kwa dakika, si 580 kama pwani. Injini nazo zinachoka mapema wakati wa kupanda tena.

QNH (shinikizo la hewa la usawa wa bahari tunaloweka kwenye altimita, kipimo cha kimo) tunaisoma wawili, tarakimu moja moja. Ukiweka 1023 mahali pa 1013, altimita inakuonyesha uko juu kwa karibu futi 300 kuliko ulipo.

Mwezi wa tisa, moshi wa vichaka vinavyochomwa unafunika mbele huku chini kukionekana vizuri. Mabati ya nyumba si njia ya kurukia! Nataka taa zake, kizingiti au alama zake.

Nisipoziona: nguvu zote, pua juu, flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) zirudi hatua moja, na magurudumu ndani kipimo kikishaonyesha tunapanda. Nikianza kupanda mapema, sipindi kona hapo hapo. Nafuata mstari hadi sehemu iliyoandikwa kwenye kadi, maana usalama dhidi ya vilima na minara umepimwa kwa kona inayoanzia pale.